Mtoro ni wa Nani?

Kabla halijawa neno la walimu, mtoro lilikuwa neno la mabwana. Katika Pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa kwanza mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya uvivu au ukorofi. Aliitwa mtoro kwa kuwa alihesabiwa kuwa mali ya mtu, na mali hiyo ilikuwa imeondoka kwa miguu yake yenyewe. Neno halisemi alikwenda wapi wala kwa nini. Linasema tu kwamba kuna mahali alipotakiwa kuwa, na hapo hayupo.

Watoro walikuwa wengi kiasi cha kujijengea makazi yao. Nyuma ya Malindi na Takaungu palikuwa na Fuladoyo. Huko kaskazini, kando ya mto Juba, vilisimama vijiji vizima vya watu waliokimbia mashamba ya Benadir. Wengine walijificha Rabai, jirani na Mombasa, kwenye kituo cha wamisionari wa Kiingereza, na mabwana zao wakaja kuwadai. Ugomvi huo ulikua hadi ukatishia amani ya pwani nzima. Ulitulizwa kwa fedha. Mwanzoni mwa 1889 George Mackenzie, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijiandaa kutawala eneo hilo, alikubali mabwana walipwe fidia, na zaidi ya watoro 1,400 wakapewa hati za uhuru. Ikumbukwe hiyo fidia, maana nitairudia.

(Mtoro lilikuwa pia jina la mtu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903, alifundisha Kiswahili chuoni Berlin. Mwaka 1905 aliacha kazi hiyo baada ya kuchoshwa na dharau za wanafunzi wake wa Kizungu. Sijui mwalimu anayewatoroka wanafunzi anaitwaje.)

Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, lakini neno lilikuwa limeshapata kazi nyingine. Kwenye mashamba ya mkonge, kibarua aliyeondoka kabla ya kumaliza siku 30 za kipande chake aliitwa mtoro, na sheria za kazi za kikoloni zilimhesabu kuwa mhalifu. Kutoka shambani neno likaingia darasani, likakaa, na leo ukimwambia mtoto wa Mwanza au Morogoro habari za mtoro atakuelewa kwa namna moja tu. Shuleni nilikosoma mimi majina ya watoro yalisomwa paredi siku ya Ijumaa, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tunaitana kwa jina la watu waliokuwa na ujasiri kuliko sisi sote.

Ninasoma shahada ya uzamili, na kwa miaka miwili nimekuwa nikizisoma sheria za watoto, za kwetu na za wenzetu. Swali linalonirudia kila ninapofika kwenye utoro sugu, ule wa wiki na miezi, ni lile lile ambalo neno lenyewe linauliza: mtoro ni wa nani? Mtu hawezi kuwa mtoro mpaka awepo anayemdai. Bwana alimdai mtumwa, na mwajiri alimdai kibarua. Mtoto wa shule anadaiwa na nani, na anayemdai yuko tayari kulipa nini ili ampate?

Waingereza nao wana neno lao, na asili yake haipendezi zaidi ya ya letu. Lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, ambako lilimaanisha ombaomba, mzururaji. Kwao asiyekwenda shule alianza kama mtu asiye na kazi, anayerandaranda barabarani. Tofauti hiyo imetengeneza sheria zao, na kwa njia ndefu kidogo imetengeneza hata zetu.

Tuanzie Massachusetts, kwa sababu ndiko Marekani ilikoanza kulazimisha shule. Mwaka 1850 jimbo hilo lilitunga sheria iliyoziruhusu halmashauri za miji kuwachukulia hatua watoto wa miaka 6 hadi 15 walioonekana wakizurura mitaani bila kazi halali huku wakikua katika ujinga. Boston ilikuwa imejaa Waairishi waliokimbia njaa, na wakubwa wa mji waliwaogopa watoto wao. Sheria hiyo iliwaruhusu kuwatoza faini au kuwafungia katika nyumba za malezi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1852, ikaja sheria ya pili: kila mtoto wa miaka 8 hadi 14 lazima asome wiki 12 kwa mwaka, 6 kati ya hizo ziwe mfululizo, na mzazi asiyetii atozwe faini isiyozidi dola 20.

Zipange sheria hizo mbili uone mpangilio wake. Kumkamata mtoto anayezurura kulitangulia kumlazimisha asome. Jela ya watoro ilijengwa kwanza, wajibu wa kusoma ukafuata. Na ndani ya miaka miwili tu dola lilikuwa limeshaonyesha watu wawili litakaowakimbiza kwa miaka 170 iliyofuata, mmoja akiwa mtoto na mwingine mzazi wake. Jimbo la mwisho kulazimisha shule, Mississippi, lilifanya hivyo mwaka 1918.

Chicago ndipo mambo yalipokolea. Mwaka 1870 kijana aitwaye Daniel O'Connell alikuwa amefungiwa katika shule ya kurekebisha tabia ya mji huo. Hakuwa ameiba wala kupiga mtu. Sheria ya Illinois iliruhusu mtoto achukuliwe kwa sababu tu anakua katika uombaomba, ujinga, uvivu au uovu bila malezi ya kufaa. Baba yake akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Illinois ikamwachia kijana, na Jaji Thornton akaandika hukumu ambayo ukiisoma leo inakufanya ukae wima. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: ikiwa mtu mzima hawezi kufungwa bila kosa wala kesi, kwa nini mtoto afungwe? Na nani kati yetu hana tone la ujinga au la uvivu?

Hukumu hiyo haikudumu sana. Miaka 12 baadaye mahakama hiyo hiyo ilibariki sheria iliyoruhusu wasichana kupelekwa katika shule za viwanda, kwa hoja kwamba pale si jela bali ni shule, na anayekwenda shule hawezi kusema amenyang'anywa uhuru. Hoja hii ina ulaghai fulani ambao nimeukuta kila mahali nilikosoma baadaye. Ukishaiita jela shule, mtoto hana tena la kulalamikia.

Julai 1899 Chicago ikafungua mahakama ya watoto, ya kwanza ya aina yake Marekani. Waliyoipigania walikuwa watu wema, na ninasema hivyo bila kejeli. Julia Lathrop na Lucy Flower walikuwa wameona watoto wakifungwa pamoja na wahalifu wakubwa, na waliona aibu. Walitaka mahakama isiyo na mwendesha mashtaka, isiyo na wakili, isiyo na kelele. Julian Mack, mmoja wa majaji wake wa mwanzo, aliandika kwamba jaji akae karibu na mtoto, na ikibidi amwekee mkono begani. Dola lilikuwa mzazi, na mzazi hahitaji ushahidi ili amkanye mwanawe. Mahakama hiyo iliwapokea wezi wadogo, yatima, waliotelekezwa, na watoro. Mwaka 1902 ikafunguliwa shule maalumu ya bweni kwa wavulana watoro, nje kidogo ya mji. Mtoto aliyekataa kukaa darasani saa sita kwa siku alipelekwa mahali ambako asingeweza kuondoka hata kwa saa moja.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika utafiti huu kilitoka Chicago hiyo hiyo mwaka 1917. Kiliandikwa na Edith Abbott na Sophonisba Breckinridge, na kinahusu utoro na kutohudhuria katika shule za mji ule. Walifanya jambo ambalo sheria haikuwa imelifanya: walifuatilia hadi nyumbani. Wakakuta watoto wasio na viatu wakati wa theluji. Wakakuta magonjwa, na wasichana wanaobaki kulea wadogo zao ili mama aende kufua nguo za watu. Wapo walioikimbia shule kwa kuichukia, hawakuwaficha. Lakini ukifunga kitabu hicho unabaki na shaka kama watoto wale wote walistahili kuwekwa chini ya neno moja. Mmoja ametoroka, mwingine amezuiwa, na wa tatu hana cha kuvaa miguuni. Daftari la mahudhurio linawaandika wote kwa alama moja.

Mkono begani ulidumu takriban miaka 70. Mwaka 1964 huko Arizona kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alituhumiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Mtu mzima angetozwa faini isiyozidi dola 50 au kufungwa miezi miwili. Gault aliamriwa kukaa shule ya kurekebisha tabia hadi atimize miaka 21, bila wakili na bila mlalamikaji kufika mahakamani. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo na kusema mtoto naye ana haki ya kujulishwa mashtaka, kuwa na wakili na kuwahoji mashahidi. Gault hakuwa mtoro, lakini kesi yake ilifungua mlango ambao watoro waliusogelea. Watu walianza kujiuliza inakuwaje mtoto afungwe kwa jambo ambalo si kosa kwa mtu mzima. Mimi nikiamua kutohudhuria mhadhara kesho, hakuna polisi atakayegonga mlango.

Mwaka 1974 Bunge la Marekani likajibu. Jimbo linalotaka fedha za serikali kuu kwa ajili ya haki za watoto lisiwafungie tena watoto wa makosa ya aina hiyo: watoro wa shule, waliokimbia nyumbani, wasiosikia la mzazi. Ni sheria nzuri kuisoma. Ilidumu katika usafi wake miaka sita. Majaji walilalamika kwamba wamenyang'anywa meno, na mwaka 1980 wakarudishiwa kwa mlango wa nyuma. Jaji hamfungi mtoto kwa utoro. Anamwandikia amri ya kwenda shule. Mtoto asipokwenda, amevunja amri ya mahakama, na kwa hilo anaweza kufungiwa. Kosa ni lile lile, ila sasa limevaa koti la kudharau mahakama.

Texas haikuhitaji hata koti. Kwa takriban miaka 20 jimbo hilo lilihesabu kutohudhuria shule kuwa kosa dogo la jinai, likiwapeleka watoto katika mahakama za watu wazima na kuwatoza faini hadi dola 500. Kesi zilizidi 100,000 kwa mwaka. Aliyeshindwa kulipa aliweza kukamatwa akishafika miaka 17. Jimbo liliifuta jinai hiyo kuanzia Septemba 1, 2015. California ilikuwa imechagua mtu wa pili katika ile jozi ya Massachusetts: sheria iliyoanza kutumika 2011, iliyopigiwa debe na Kamala Harris alipokuwa mwendesha mashtaka wa San Francisco, iliruhusu mzazi wa mtoro sugu afungwe hadi mwaka mmoja au atozwe hadi dola 2,000. Alipogombea urais mwaka 2019 aliulizwa kuhusu wazazi waliokamatwa katika jimbo hilo, akasema anajuta.

Nimekaa sana Marekani. Sheria yetu haikutoka huko moja kwa moja, ilitoka London, na kuna jambo moja la London ambalo lilinifanya niandike makala haya badala ya kuendelea na tasnifu.

Mwaka 1866 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya shule za viwanda. Humo mlikuwa na orodha ya watoto walioweza kupelekwa huko: anayekutwa akiomba au akipokea sadaka, anayezurura bila makazi ya kudumu wala njia ya wazi ya kujikimu, fukara asiye na wazazi, anayefuatana na wezi wanaojulikana. Ni orodha ya barabarani, ya polisi anayetembea mitaa ya mashariki ya London usiku. Miaka kumi baadaye, mwaka 1876, sheria ya elimu ikaongeza mtu mmoja: mtoto mtoro. Akipuuza amri ya kuhudhuria, naye angeweza kupelekwa shule ya viwanda. Mwaka 1880 shule ikawa lazima nchi nzima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10. Yule ombaomba wa Kifaransa cha zamani akawa amerudi kukaa na ndugu zake, kwenye orodha moja.

Sasa chukua Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya 2009, ufungue kifungu cha 16, kinachoeleza mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Utamkuta anayeomba au kupokea sadaka. Utamkuta anayezurura bila makazi wala njia ya wazi ya kujikimu. Utamkuta fukara, na anayefuatana na mwizi anayejulikana. Nilipoziweka kurasa hizo mbili pamoja juu ya meza ya maktaba nilicheka, kisha nikanyamaza. Ni miaka 143, na watoto ni wale wale, wamepangwa kwa maneno karibu yale yale.

Zilifikaje huku? Uingereza ilizikusanya upya sheria zake za watoto mwaka 1933, na mwaka 1937 Tanganyika ikapata sheria yake ya Watoto na Vijana, iliyokaa kwenye vitabu vyetu hadi 2009. Sheria hiyo ilimtenga mtoto, aliye chini ya miaka 12, na kijana wa miaka 12 hadi kabla ya 16. Ilileta utaratibu wa mahakama ya watoto, viboko, na shule za maadilisho. Ile ya Irambo, Mbeya, ni ya ukoo huo. Kitu ambacho haikuwa nacho cha kushughulikia ni utoro wa shule. Huwezi kuitoroka shule ambayo haipo. Julius Nyerere alianza shule Musoma mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na yeye alikuwa mtoto wa chifu. Watoto wengi wa rika lake hawakuanza kabisa, na hakuna aliyewadai.

Waliodaiwa ni wale waliofika mjini. Dar es Salaam ya miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa na watoto wengi waliobeba mizigo sokoni, waliouza vitu vidogo vidogo na kulala walipopata. Serikali haikuwaita watoro, iliwaita wahuni, na sheria ya mwaka 1944 iliruhusu watu wasiotakiwa kuondolewa mjini na kurudishwa makwao. Mtoto alihesabiwa kuwa wa kijiji chake, kwa hiyo alirudishwa kijijini. Kwamba kijijini hapakuwa na dawati halikuwa jambo la mahakama.

Dawati lilikuja baadaye, na lilikuja kwa kishindo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya elimu ya msingi. Kwa kawaida tunaisimulia habari hii kama habari ya elimu tu. Mimi naiona pia kama habari ya anwani. Miaka hiyo hiyo mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu, na kila nyumba kumi zilikuwa na balozi. Kwa mara ya kwanza dola lilijua kila mtoto analala wapi. Bila ujuzi huo hakuna sheria ya mahudhurio inayoweza kufanya kazi, popote duniani. Massachusetts ilihitaji maofisa wa kuzunguka mitaani. Sisi tulikuwa na balozi, ambaye alijua mpaka jina la mbuzi wenu.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikafuata. Kifungu cha 35 kina mambo matatu mafupi. Mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafika 13 lazima aandikishwe. Akishaandikishwa, ahudhurie mpaka amalize. Na mzazi ahakikishe anahudhuria. Mtoto ana wajibu, mzazi ana wajibu. Hakimpi mtu yeyote wajibu wa kwenda kuuliza kwa nini kiti kiko wazi.

Utekelezaji uliangukia ngazi ya chini kabisa: mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, sheria ndogo za halmashauri, faini, na kwa wabishi Mahakama ya Mwanzo. Mtu aliyekulia kijijini anaijua hali hii bila kusoma kitabu. Msimu wa pamba au wa mavuno darasa linapungua, mwalimu mkuu anapeleka orodha, mtendaji anapita na mgambo, na baba wa mtoto anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Anayekutwa nyumbani ni mama, na mara nyingi anayetoa faini ni yeye, kwa kuku au kwa akiba ya kikoba. Mtoto anarudi shule wiki hiyo na huenda akakutana na fimbo, kwa sababu kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa kosa zito, na kama utoro ni kosa zito inategemea anayeshika fimbo. Wiki inayofuata ng'ombe wanahitaji mchungaji tena.

Kenya imekwenda njia inayofanana na yetu kwa mzazi, lakini si kwa mtoto. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweza kumtoza mzazi hadi shilingi 100,000 za Kenya au kumfunga hadi mwaka mmoja. Yetu ya Mtoto, kwa mzazi anayepuuza wajibu wake kwa ujumla, elimu ikiwemo, inafika shilingi milioni 5 au miezi 6. Tofauti iko kwenye ile orodha ya London. Kenya ilipoandika Sheria ya Watoto ya 2001, ilimwacha mtoro ndani yake: mtoto mtoro alihesabiwa waziwazi kuwa anahitaji matunzo na ulinzi, na kwa hiyo ofisa wa watoto aliweza kumfikisha mbele ya mahakama ya watoto kama mtu wa kusaidiwa. Sisi mwaka 2009 tuliwachukua ombaomba, mzururaji na rafiki wa wezi, mtoro tukamwacha nje.

Unaweza kusema afadhali, na kuna siku nasema hivyo. Baada ya kuisoma Chicago, nani anataka mtoro apelekwe mahakamani? Lakini kumwacha nje ya orodha hakujamfanya awe huru. Kumemwacha mikononi mwa mtendaji na mwalimu wa zamu peke yao. Ofisa ustawi wa jamii anayetaka kumsaidia mtoto asiyeonekana shule tangu Februari inabidi atafute mlango mwingine: aseme ametelekezwa, au kwamba mzazi hana malezi ya kufaa. Yaani ili mtoto asaidiwe, kwanza mama yake atajwe kuwa mbaya.

Kisha kuna siku 90. Kwa utaratibu wa shule zetu, mwanafunzi asiyehudhuria siku 90 mfululizo bila taarifa anahesabiwa kuwa ameacha shule, na jina lake linafutwa. Nimejaribu kuitazama kanuni hii kwa macho ya kiutawala, na ninaielewa: daftari haliwezi kubeba mizimu, na chakula, vitabu na ruzuku hugawiwa kwa idadi. Ila iweke kando ya watu wa Rabai. Bwana wa pwani alimtafuta mtoro wake kwa sababu alikuwa na thamani kwake, thamani chafu, lakini thamani, na Mackenzie alipotaka waachwe ilibidi alipe. Jaji wa Chicago alimtafuta mtoro akamfungia. Sisi, baada ya vitisho vyote vya faini na viboko, siku ya 91 tunachukua kalamu na kuchora mstari. Adhabu ya mwisho ya kutokuwepo shule ni kutokuwepo shule.

Ada zilipoondolewa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, wengi walitarajia utoro ungepungua wenyewe. Wengi kweli walirudi. Lakini ada ilikuwa kiatu kimoja tu katika vile viatu vya Abbott na Breckinridge. Umbali umebaki, mimba imebaki, ng'ombe wamebaki. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba akiwa shuleni hatarudi katika shule ya serikali, na kwa miaka minne kukawa na kundi la watoto ambao dola halikuwatafuta wala halikuwataka hata walipojileta wenyewe.

Novemba 24, 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kuondoa zuio hilo, na waraka uliofuata ukafungua njia si kwa wasichana hao tu bali kwa wote walioondoka kwa sababu mbalimbali. Waraka huo unawaita wanafunzi waliokatiza masomo. Nilipoliona neno hilo nililisoma mara mbili. Mtu anayekatiza ndiye mwenye hicho anachokikatiza, na anaweza kukiendeleza. Hakuna bwana ndani yake.

Lakini ukifungua kitabu cha takwimu za elimu cha kila mwaka, kwenye jedwali la sababu za wanafunzi kuacha shule, utaikuta mimba, utaukuta ugonjwa, utakikuta kifo. Na juu ya zote, kwa idadi kubwa kuliko nyingine zikijumlishwa, utaukuta utoro: watoto hawa waliacha kuja shule kwa sababu walikuwa hawaji shule.